Kichwa cha Ephraïm

Siku watu wa ukoo walipokuja kumchukua Myriam, walimhitaji Myriam mwenyewe awasaidie. Hakukuwa na mwingine. Walishuka kwenye teksi mbele ya uzio wa nyumba, mtaani Katuba, Lubumbashi, watu wazima watatu wenye midomo mizima na ndimi ndefu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kumpigia hodi mwenye nyumba kwa mkono.

Syntiche alikuwa kwenye cherehani. Zilibaki siku chache shule zifunguliwe na sare za bluu na nyeupe zilikuwa zimejaa hadi juu ya kitanda. Teksi hakuisikia, kama ambavyo hakuwa amesikia kitu chochote tangu homa imshike akiwa na miaka miwili. Lakini nyayo zake zilikuwa hai. Ephraïm, mumewe, seremala na kiziwi kama yeye, alikuwa ameondoa saruji ya chini na kutandika mbao chumba kizima, kusudi kila kishindo kiwafikie. Uzi ukikatika, Syntiche aliujua kwa mguu. Na Myriam alipopiga kisigino mara mbili mlangoni, aliinua macho.

"Pua amekuja," Myriam alisema kwa mikono. "Na Masharubu. Na Meno."

Katika nyumba hiyo kila mtu alikuwa na jina lake la mkono. Pua ni Mama Jeanne, mamake Ephraïm, ambaye siku ya kwanza kuingia jikoni mwa mkwe wake alijiziba pua. Masharubu ni Papa Antoine, mkubwa wa ukoo, mstaafu wa reli, mwenye masharubu meupe yaliyofunika mdomo wa juu wote na kumeza nusu ya ule wa chini. Meno ni Claudine, dada yake Ephraïm, anayecheka kabla hujamwambia kitu.

"Wamekuja kufanya nini?"

"Sijui. Pua amebeba begi. Nimeligusa, halina kitu ndani."

Syntiche akaondoa mguu kwenye cherehani.

Wageni wakapewa viti na soda. Ephraïm akatoka kwenye kibanda chake cha useremala, akajipangusa vumbi la mbao, akamshika mama yake mikono yote miwili, akaketi upande wa pili wa cherehani akitabasamu. Claudine akamvuta Myriam kwa bega, akamsimamisha katikati ya chumba, mgongo kwa baba yake. Mtoto wa miaka saba. Hapo ndipo alipofanyishwa kazi.

"Ambia mama yako tumekuya na amani," alisema Mama Jeanne.

Mikono ya Myriam ikayaleta maneno jinsi yalivyo. Alikuwa amezoea. Sokoni, zahanati, kwa bwana wa umeme, ni yeye aliyesema, na mama yake alimfundisha sharti moja tu: usipunguze, usiongeze.

"Mwambie amani haitembei na begi tupu," Syntiche akajibu.

Myriam akasema kwa kisauti chake, bila kupunguza. Shingo ya Mama Jeanne ikavimba.

"Bon. Kama anataka tuseme wazi, tutasema wazi. Huyu mutoto haiko na adabu. Anatazama bakubwa ndani ya macho sawa polisi. Akiita muntu, anapiga chini na miguu sawa farasi. Na kule Kipushi, ku kilio, mbele ya bantu bote, alikamata Papa Antoine kidevu. Kidevu! Sawa mbuzi ya kuuzisha."

Claudine akacheka, kisha akamkaripia mtoto. "Na sasa hivi anafanya vile vile! Weye, shusha macho kama bakubwa banasema!"

Myriam akageuka kwa mama yake. "Meno anasema nishushe macho. Nikishusha, nitakuonaje?"

"Usishushe."

Jambo la kidevu Syntiche alilijua. Lilitokea majuma mawili nyuma. Yeye alibaki na sare zake, Ephraïm akaenda kilioni Kipushi na binti yao. Myriam alitumwa kumwita Papa Antoine kwenye bukari, ugali wa kilioni; mzee alikuwa ametazama pembeni; mtoto akamshika kidevu taratibu na kumgeuza uso, kama anavyomfanyia baba yake kila siku ya Mungu. Nyumbani kwao kumgeuza mtu uso ni kumwita jina. Nyumbani kwao anayeshusha macho wakati anaambiwa amekufungia mlango. Kipushi alipata kofi kutoka kwa Claudine, na alirudi Lubumbashi akiuliza ni kitu gani alikuwa amevunja.

"Mwambie ulikuwa unamwita."

"Nilikuwa ninamuita Papa Antoine," Myriam akasema kwa mdomo, na hapo akavunja sharti, akaongeza la kwake: "Bukari ilikuwa inapoa."

Papa Antoine akakohoa ndani ya masharubu.

"Na alikuwa anafunga huyu mutoto na uzi!" Mama Jeanne alikuwa ameshapanda, na hakuwa mtu wa kuteremka mwenyewe. "Angali mutoto muchanga, ananyonya, anamufunga mu muguu! Jirani balituambia!"

"Mwambie ndiyo. Uzi wa pamba, kutoka kifundo chako hadi kidole changu. Ukijigeuza, naamka. Ukilia, naamka. Muulize watoto wake walilia mara ngapi akiwa anakoroma, na masikio yake yote mawili."

Myriam akasita. "Niseme kukoroma?"

"Sema."

Akasema. Claudine akatoa meno yote, mama yake akamtazama, akayarudisha.

"Minachoka," Mama Jeanne akasema. Akaweka begi magotini na kulifungua zipu, wazi, mbele ya macho ya mtoto. "Ambia mama yako, Myriam. Utakwenda kukaa kwetu Kipushi. Utasoma kule. Utakaa na bantu benye kusema. Utakuwa muntu."

Mikono ya Myriam ikasimama hewani. Kisha akaanza kusema kwa mikono, polepole, kama anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. "Anasema nitakwenda kukaa kwake. Anasema nitakuwa mtu." Akalitazama begi. "Mama. Sasa hivi mimi ni nini?"

Syntiche alisimama ghafla hata kiti kikaanguka, na mbao za sakafu zikampasha habari hiyo miguuni.

"Muulize nani amekubali."

Jibu alilijua kabla ya mikono ya mtoto, kwa sababu Mama Jeanne alielekeza kidevu kwa mwanawe. "Baba yake njo alikubali. Ku kilio. Papa Antoine alimuuliza mbele ya bakubwa bote, na alijibu. Mara mbili."

"Anasema Baba amekubali," Myriam alisema. "Mara mbili."

Syntiche akamgeukia Ephraïm. Alikuwa anamtazama mama yake mdomoni, na kichwa chake kilikuwa kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda, pamoja na lile tabasamu la mtoto mwema.

Akamgonga bega. "Unaitikia nini?"

"Salamu tu," Ephraïm akasema kwa mikono yake mikubwa. "Mama anaeleza mambo ya safari. Nadhani."

"Papa Antoine alikuuliza nini Kipushi?"

"Alinipa pole. Yule huwezi kumsoma, nywele zimejaa mdomoni. Nikaitikia." Akamtazama mkewe vizuri, tabasamu likaanza kufifia. "Kwa nini? Kuna nini?"

Basi ilikuwa hivyo. Binti yake alikuwa ametolewa kwa kichwa.

Syntiche alikijua kichwa hicho kuliko mtu yeyote. Mama Jeanne alikuwa amempeleka Ephraïm shule ya viziwi akiwa na miaka minane, akarudishwa likizo akiwa na lugha mikononi, na nyumba nzima ya wasemaji haikujifunza hata ishara ya maji. Walimpigia kelele. Akisema kwa uso kwamba hakuelewa, walikaribia zaidi na kupiga kelele zaidi, na mama yake akalia mbele ya wageni kwamba Mungu amempa jiwe. Siku moja mtoto akajaribu kutikisa kichwa, juu na chini, kama anayesema ndiyo. Kelele zikaisha. Mama akafuta machozi, akampapasa shavu. Tangu siku hiyo Ephraïm alitikisa kichwa kwa daktari, kwa padri, kwa mnunuzi aliyempunja bei ya kabati, kwa askari aliyemwuliza kama ameiba. Syntiche alikuwa amemlilia, amemnyamazia, amemtania. Kichwa kilikuwa kinaenda chenyewe.

Akapiga magoti mbele ya Myriam. "Kazi yako imekwisha. Nenda kwa jirani Bijou, akusuke nywele."

"Nani atawasemea?"

"Hakuna."

"Na nikirudi, wewe utakuwepo?"

"Mimi na baba yako na sakafu hii. Nenda."

Mtoto akaondoka. Claudine akainuka kitini, mdomo wazi, na ilikuwa dhahiri anamwita: kuya hapa, weye, kuya! Myriam alivuka mlango, akavuka uzio, wala hakugeuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijifanya kiziwi, na alijua kufanya hivyo vizuri kabisa.

Halafu wale watatu wakabaki wanasema. Syntiche aliwatazama kwa raha kali. Midomo ilifunguka na kufungwa, mikono ilirushwa bila maana yoyote, Mama Jeanne alikuwa anapiga paja, na maneno yote hayo yalikuwa yanadondoka chini kama vipande vya vitambaa. Wamekuja kumwokoa mtoto na nyumba ya mabubu. Sasa mabubu ni nani?

Alipowaacha vya kutosha, akatandika kitambaa cheusi cha suruali juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki ya kushonea, akaandika kwa herufi kubwa. Claudine akasogea na kuwasomea wenzake.

*Mtoto hatafasiri safari yake mwenyewe. Anayetaka kusema nami, chaki ni hii.*

Mama Jeanne akajibu kitu kirefu. Syntiche hakumtazama. Akaandika tena, na safari hii akamwelekezea Papa Antoine.

*Papa, kwenye reli, mtu akitikisa kichwa, treni inaondoka?*

Mzee akavaa miwani. Miaka thelathini na moja alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kaskazini, kwenye njia ya treni moja, ambako treni mbili zikikutana hakuna wa kusimulia. Amri ilikuja kwa simu, na anayepokea alipaswa kuirudia neno kwa neno. Asiporudia, hata kama amesema ndiyo mara mia, treni haisogei. Hadithi hiyo aliisema kwenye kila harusi na kila msiba. Ephraïm hakuwahi kuipata. Syntiche aliipata kwa mikono ya Myriam, mara tano.

Papa Antoine akanyoosha mkono, akachukua chaki. *Hapana,* akaandika. *Lazima arudie amri.*

Miaka tisa ya ndoa, na hilo lilikuwa neno la kwanza ambalo mtu wa ukoo huo alimwambia Syntiche bila kupitia kwa mtoto.

*Alirudia?*

Mzee akaitazama chaki, akaiacha mezani.

Hapo ndipo Syntiche alipofanya alichofanya. Lawama zilizomfuata Katuba hadi Kipushi zilitokana na mstari mmoja, na aliuandika bila kuharakisha, huku Ephraïm, ambaye cherehani ilimzibia meza, akinyoosha shingo ajue ni mazungumzo gani.

*Basi muulize sasa. Muulize: Ephraïm, wewe ni mbuzi? Tukuuze sokoni Kasomeno?*

Claudine akausoma, akacheka, kisha mkono ukamrukia mdomoni. Mama Jeanne aliinuka na begi lake. Lakini Papa Antoine alimwashiria akae. Alikuwa mtu mkali, hakuwapenda viziwi, hakupenda kushikwa kidevu. Ila mambo yasiyohakikishwa aliyachukia zaidi ya hayo yote. Akavua miwani. Akamgeukia Ephraïm.

Syntiche aliona masharubu yakitikisika. Hata yeye, anayesoma midomo ya wauza mboga kutoka ng'ambo ya barabara, hakupata hata neno moja.

Usiitikie, alimwomba moyoni. Na papo hapo akamwomba kinyume chake. Kwa maana kama Ephraïm angekunja uso leo, kama angeuliza "nini?" kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, basi kile kichwa cha Kipushi kingehesabiwa kuwa neno la baba, na begi lingejazwa.

Ephraïm akaweka mkono kifuani, kwa heshima. Akatikisa kichwa. Kisha, ili mzee asidhani kwamba amejibu kwa uvivu, akatikisa tena.

Safari hii Claudine hakucheka. Papa Antoine alibaki anamtazama mtoto wa ndugu yake kana kwamba ameletwa leo. Kisha akainama, akafuta kwa kiganja neno *mbuzi*, na chini yake akaandika polepole: *Hakuna amri. Mtoto anabaki kwa baba na mama yake.*

Akairudisha chaki mezani.

Hapo Mama Jeanne akalipuka. Alizunguka meza, akasimama uso kwa uso na Syntiche, na kwa mara ya kwanza alisema waziwazi, midomo ikitenganisha kila kipande, jinsi ambavyo angeweza kumwambia mwanawe tangu zamani. "Pardon. Omba pardon. Chini." Kidole kilielekea sakafuni. Claudine akanyakua chaki kumsaidia. *Umeharibia bwana yako heshima mbele ya mama yake. Piga magoti.* Hata Papa Antoine, aliyekuwa tayari ameshika kofia, aliandika pembeni: *Kwa hilo wana haki, mwanangu. Omba msamaha, tumalize.*

Syntiche akamwandikia Mama Jeanne peke yake.

*Kutikisa kichwa ulimfundisha wewe. Ulimlipa kwa kumpapasa shavu. Mimi nimekuonyesha tu ulichonunua.*

Claudine alisoma hadi katikati, akanyamaza. Mama Jeanne akamnyang'anya kitambaa, akamalizia mwenyewe, midomo ikifuata herufi. Alipofika mwisho alikikunja kitambaa mara mbili, vizuri, kama kitu cha mtu, akakiweka mezani. Akachukua begi lake. Hakumuaga Ephraïm. Walitoka wote watatu, na uzio ukabaki wazi nyuma yao.

Ephraïm hakuwasindikiza. Alikuwa amekuja mezani, amekikunjua kitambaa. Hakuwa msomaji mwepesi. Chaki ilikuwa imechanganyika, lakini maneno *sokoni Kasomeno* hayakuwa yamefutwa.

"Aliniuliza nini?" akasema.

Syntiche angeweza kumdanganya. Akamwambia, ishara kwa ishara, begi na Kipushi, pembe na kila kitu.

Uso wa mumewe ukajifunga. Alitazama mlango walikotoka watu wake, akatazama mbao alizozipiga randa kwa mkono wake mwenyewe. Alipoanza kusema, mikono ilikuwa midogo, karibu na kifua, kama ya mtu anayesema ndani ya kanisa.

"Ungeniuliza mimi. Mbele yao. Ningesema sikuelewa."

"Hujawahi kusema hivyo. Hata siku moja."

"Ningesema leo."

"Wiki mbili zilizopita hukusema. Ulirudi nyumbani, ukala bukari, ukalala. Ulimtoa mtoto wangu, ukaja ukalala."

"Sikujua!"

"Ndiyo. Hukujua. Na ukaitikia."

Ephraïm akaketi kwenye kiti cha mama yake, kando ya soda ambayo haijaguswa. "Mbuzi, Syntiche. Shuleni watoto wa mtaani walituita hivyo hivyo. Uliwakimbiza kwa mawe, umesahau? Wewe ndiye uliyewakimbiza."

Hakuwa amesahau. Alisimama pale na vidole vyeupe vya chaki, na lilimuuma, tena sana. Asidhani mtu kwamba halikumuuma. Huyu ndiye aliyemwekea sakafu. Nje, upande wa pili wa uzio, alimwona Myriam amekaa kati ya magoti ya Bijou, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, shingo imegeukia nyumbani. Bijou anamrudisha kichwa, yeye anakigeuza tena.

"Sikuombi upige magoti," Ephraïm akasema. "Wao wamekwenda. Hakuna anayeona. Sema tu mara moja, kwa mikono, ibaki yetu. Sema umekosea."

"Sikukosea."

"Basi sema unajuta."

"Nasikia uchungu. Sijuti."

"Mimi ni mume wako."

"Na yule pale ni binti yako, hajaenda Kipushi." Syntiche aliinua kiti chake kilichoanguka, akakirudisha mbele ya cherehani, akaketi. Akachukua sare nyeupe iliyoshonwa nusu, akaiweka chini ya sindano. Kisha akaiacha, kwa kuwa mikono aliihitaji, akamgeukia mumewe uso mzima ili asikose hata ishara moja, asije akaitikia kitu asichokielewa.

"Wakija kesho nitakuita mbuzi tena. Siombi msamaha. Si kwa mama yako, si kwa mzee. Wala kwako."